Hita Isiyokaa Juu ya Zulia

Vijana wa dukani mmeniomba niwaandikie maelekezo ya kazi kabla sijaanza kusahau. Maelekezo yamo ndani ya kila boksi la hita, kwa lugha saba, na sijamwona hata mmoja wenu akiyakunjua ila kwa kufungia sambusa. Kwa hiyo nitaandika yale ambayo hayamo ndani ya boksi. Habari za vyeo na mishahara muulizeni mwenye duka, maana alivihifadhi vizuri sana, sikupata kuviona.

Mie ni mtoto wa Jeddah. Wazazi wangu walitoka Unguja wakateremkia mtaa wa Karantina, baadaye tukahamia mtaa wa Baghdadiyah, na ndani ya nyumba yetu ni Kiswahili kitupu mpaka leo. Hebu fikirini basi. Mtu ambaye baba yake, babu yake na yeye mwenyewe hawajapata kutoa moshi mdomoni bila ya sigara, ndiye aliyepelekwa Riyadh kuwafundisha watu wa huko namna ya kujipasha moto. Na wao wakakubali, wakanifungulia milango.

Ufundi nilifundishwa na Ami Seif, rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa akitengeneza viyoyozi palepale Baghdadiyah. Kwa Ami Seif nilijifunza kwamba mtu wa Jeddah hapendi joto wala hapendi baridi, anachopenda ni kulipigia kelele. Anawasha kiyoyozi mpaka chumba kinakuwa kama jokofu la samaki, kisha anajifunika mablanketi mawili mazito, analala akitetemeka kwa raha zake. Ukimshauri apunguze kiyoyozi, avue blanketi moja, anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Zile siku mbili za mwaka upepo unapopoa kidogo, watoto wanavalishwa kofia za sufu, wanapigwa picha, na fundi anaitwa mbio mbio aje aone kwa nini kiyoyozi hakitoi moto. "Kwa sababu hujabonyeza kitufe cha moto," Ami Seif alikuwa akiwajibu. Anabonyeza, halas, kazi imekwisha, tunashuka ngazi.

Nilipopata kazi Riyadh aliniaga kwa vitu viwili. Kimoja ni bisibisi yake ya tesa, ile inayowaka taa ukigusa umeme, mpini wake umefungwa utepe mweusi. Cha pili ni kipimajoto cha plastiki cha kutundika ukutani, kina picha ya waridi, kibaya kupita kiasi. Akaniambia, "Kabla hujagusa hita ya mtu, uliza kwanza nani analala wapi. Halafu panda ukapime." Nikasema ndiyo Ami, nikaona mzee kazeeka. Mie nakwenda kutengeneza mashine, yeye ananiambia habari za vitanda.

Siku yangu ya kwanza Riyadh ilikuwa Desemba, na nilikwenda kazini kwa kanzu nyepesi na ndara. Chekeni tu, msione haya. Mwenye nyumba alinipokea amejifunika farwa, lile joho lenye manyoya ya kondoo ndani, akanipeleka kwenye hita iliyokuwa haiwaki. Mikono ikanitetemeka, bisibisi haiingii kwenye skrubu, naipeleka huku inakwenda kule. Akanitazama kwa huruma akauliza, "Unaogopa umeme?" Nikaona aibu kusema kwamba fundi wa hita anakufa kwa baridi, nikamjibu ndiyo, naogopa kidogo. Akapiga simu dukani kuomba fundi asiyeogopa umeme. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Nyumba za Riyadh nimeziingia nyingi, na wakati wa baridi zote zina tabia moja. Hita ni za wageni. Majlisi, chumba kile cha kupokelea wageni, kina hita tatu, zimepangwa kama masanduku ya bibi harusi, na ndani hamna mtu ila mito. Wageni wakija Alhamisi zinawashwa zote. Wageni wakiondoka zinazimwa, na wenye nyumba wanarudi ndani kujikunyata. Ukiwauliza mbona hita moja haihamii kwa watoto, wanakwambia watoto wana damu moto. Kuna na wale wanaowasha hita kisha wanafungua dirisha kwa sababu chumba kina uzito. Kuna wanaoweka maganda ya machungwa juu ya hita ya gesi ili pawe na harufu nzuri, hilo sina ugomvi nalo, harufu ni nzuri kweli. Kuna wanaoanika soksi za shule juu ya hita ya waya mwekundu, asubuhi mtoto anakwenda shule na soksi moja na nusu. Na hakuna hata mmoja anayekuita mwezi wa Oktoba. Wote wanapiga simu siku moja, saa moja, siku ile baridi imeingia, na kila mmoja anasema yake ni ya dharura, kana kwamba majira ya baridi yamewavizia nyuma ya mlango.

Ekstensheni nitaisema mara moja tu. Waya wa hita haupiti chini ya zulia. Najua unaonekana vibaya ukipita juu. Nyumba ikiungua itaonekana vibaya zaidi.

Sasa nije kwa Abu Rakan, maana ndiye niliyekusudia kumwandika. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, mkarimu wa kweli kwa wageni, na alikuwa na zulia. Zulia lile lilijaa majlisi nzima, jekundu, na alilizungumza kuliko alivyowazungumza wanawe. Alituita kwa sababu kila wageni wakijaa umeme unakatika. Nikafika, akanitangulia ndani. Kwa adabu za huko, fundi mwanamume akipita ukumbini hupaza sauti, "Ya Satir!" ili wanawake wajiondoe njiani. Miaka yote nasema hivyo. Siku ile, sijui nini kilinipata, labda baridi ilifika kwenye ubongo, nikapaza sauti kama niko kwetu Baghdadiyah, "Hodi!"

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mwanamke, kubwa, bila kufikiri, "Karibu!"

Abu Rakan akageuka akanitazama, mie nikatazama dari.

Alikuwa ni Shiru, mwanamke wa Kikenya aliyekuwa akifanya kazi za ndani mle, mwenyeji wa Limuru. Aliniletea chai nikiwa nimelala kifudifudi nafunua zulia, akasema polepole, "Mzee, aki nimeshtuka. Mwaka na nusu sijasikia mtu akibisha hodi." Na kabla hajamaliza akakohoa, kikohozi kile kinachotoka chini kabisa, akageuza uso ukutani.

Chini ya zulia nikakuta nilichokitarajia. Ekstensheni moja ya bei ya karanga imebebeshwa hita tatu na jiko la kahawa, plastiki yake imelainika kama ubani. Nikaitoa, nikagawa hita kila moja na soketi yake ya ukutani, nikamwonyesha Abu Rakan. Kisha nikakumbuka ya Ami Seif, nikauliza, "Na nani analala wapi humu?"

"Wote wanalala vizuri, alhamdulillahi," akajibu. "Watoto juu, sisi juu, mama yangu yuko hapa chini, chumba kinachofuata. Tumemleta kutoka Jeddah baada ya kufiwa na baba."

Nikaridhika na jibu hilo. Liwekeni akilini, maana mie sikuliweka.

Nikapanda darini, juu ya paa, kuangalia swichi kuu, Shiru akanitangulia na funguo, mtoto mmoja wa nyumba akiwa nyuma yetu kwa ajili ya adabu. Kule juu, kando ya matangi ya maji, kilikuwako chumba kidogo chenye mlango wa bati jembamba na sakafu ya marumaru tupu. Ndicho chake. Nikatundika kile kipimajoto changu cha waridi kwenye msumari, nikakiacha wakati natazama swichi. Niliporudi kilikuwa kinasoma digrii tisa. Nikakitoa nje kivulini kikasoma kumi, nikakirudisha msumarini. Ndiyo kusema chumba kilikuwa kinawalindia wenye nyumba baridi isitoroke.

"Mimi ni wa Limuru, mzee," akasema Shiru. "Baridi tunajuana. Lakini hii ya hapa inaingia mpaka kwa meno. Nalala na sweta mbili, na abaya, na chupa ya maji moto. Nikiomba heater, madam anasema mafi, hakuna, hiyo soketi yangu haiwezi beba."

Nikaichomeka tesa, nikaipima na mita. Soketi nzima, ingeweza kubeba hita na ndugu yake.

"Kikohozi una muda gani nacho?"

"Mwezi. Na sasa madam anaogopa watoto watashika. Amesema nikikohoa mpaka mwisho wa mwezi huu, wananirudisha ofisi." Ofisi ni ile iliyomleta, na kutoka ofisini njia ni uwanja wa ndege. "Nina mtoto form two, mzee, fees ni mimi nalipa. Nikirudi saa hii, anarudi nyumbani pia."

Yaani mnaiona hesabu hiyo? Wanamlaza kwenye baridi anakohoa, kisha wanamfukuza kwa kuwa anakohoa. Nikashuka ngazi nimewaka, na palepale nikafanya kosa ambalo fundi kijana hulifanya na mie nilikuwa nina mvi. Nikasema kweli. Nikamwambia Abu Rakan kwamba soketi ya darini ni nzima kabisa, chumba kile kina baridi mbaya, na hita moja tu ya majlisi ingetosha.

Akaweka mkono kifuani, akasema, "Inshallah."

Mmekulia huku, hamhitaji tafsiri. Kuna inshallah ya mtu anayemwachia Mungu jambo lake, na kuna inshallah ya mtu anayekusindikiza mlangoni. Nikasindikizwa.

Siku kumi hazikupita akapiga tena. Nikaenda, na safari hii alinipokea amenyong'onyea kama mfiwa. Waya ulikuwa ukionekana vibaya, kwa hiyo walinunua ekstensheni nyingine, wakaipitisha chini ya zulia, wakachomeka kila kitu. Zulia lilikuwa na tundu jeusi, upana wa kikombe cha kahawa, katikati ya ua kubwa. Abu Rakan akachuchumaa akalishika kwa kidole.

"Ya muhandisi," akaniambia kwa huzuni, "zulia la baba yangu hili."

Nyuma ya ukuta wa ukumbi nikamsikia Shiru akikohoa, akishuka ngazi, akisimama, akikohoa tena. Mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki wiki moja. Na hapo, vijana, nikatazama tundu lile, nikamtazama mzee wa watu alivyolilia, nikasema uongo mkubwa kuliko wote niliousema katika kazi hii.

"Kosa si la waya peke yake," nikasema. "Kosa ni la hii." Nikagusa hita ya mafuta, ile mpya nyeupe yenye magurudumu, kipenzi cha majlisi. "Aina hii haikai juu ya zulia."

"Haikai?"

"Haikai kabisa. Magurudumu yanazama, inakaa upande, mafuta ya ndani hayazunguki sawa. Inapata moto upande mmoja. Leo tundu, kesho zulia zima, na hita yenyewe inakufa."

Akainuka. "Inataka nini?"

"Marumaru. Chumba kidogo, mlango wa kufunga, kisicho na zulia, kisicho na maji wala gesi. Na iwashwe usiku kucha bila kukatizwa, angalau mpaka baridi iishe. Ndivyo inavyojirudi."

Hiyo "inavyojirudi" niliizua palepale, na naionea fahari mpaka leo. Hita ya mafuta inakaa popote pale, hata juu ya zulia la sultani, ilimradi waya wake uko sawa. Lakini nilimwandikia yote kwenye karatasi ya duka, nikapiga na mhuri.

Akaanza kuizunguka nyumba yake kichwani. Bafuni kuna maji. Jikoni kuna gesi. Stoo imejaa mazulia mengine. Nikamwacha afike mwenyewe, sikumsukuma. Uso ukamkunjuka taratibu. "Chumba cha shaghala," akasema, yaani cha mfanyakazi. "Kule darini."

"Mh," nikasema, kama mtu anayefikiria. "Kinaweza kufaa. Lakini awepo mtu wa kuiangalia usiku."

"Yeye analala mlemle!"

"Basi ni bahati yenu."

Mimi na yeye tuliibeba hita ile ngazi zote, na yeye akinisihi nisiigonge ukutani. Shiru akasimama mlangoni haelewi kitu. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya ukali kama namfokea kazi, "Mwanangu, hii imelazwa hospitali na wewe ndiye nesi. Isizimwe. Ukicheka sasa hivi umeniua." Akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Abu Rakan akadhani ni kikohozi.

Mwezi ukaisha sikupigiwa simu. Nikahesabu hiyo ni habari njema. Halafu wiki ya pili ya mwezi uliofuata, simu ikalia, Abu Rakan huyo. "Ya muhandisi, njoo upesi. Hita yako imeniharibia nyumba."

Nikajua kauliza fundi mwingine, uongo umefichuka, na mtoto wa watu nimemmaliza kwa mikono yangu. Njia nzima nilikuwa nikitunga uongo wa pili wa kuusaidia wa kwanza. Akanipandisha darini bila neno, akasukuma mlango.

Joto likanipiga usoni, zuri hilo. Juu ya kitanda cha Shiru ameketi bibi kizee, shali mabegani, miguu ameinyoosha kuelekea hita. Mama yake Abu Rakan. Kwa miezi miwili magoti hayakumfikisha hata ukumbini, lakini yalimpandisha ngazi zile zote. Chini kwenye godoro Shiru amekaa na vikombe viwili vya chai ya maziwa, hakohoi.

"Siku ya tano hii," akasema Abu Rakan. "Hataki kushuka. Analala humu. Watu watasema nini, mama yangu analala chumba cha mfanyakazi?"

"Watasema mama yako ana joto," akajibu bibi. Akanitazama mie. "Wewe ndiye muhandisi wa marumaru? Wa wapi?"

"Baghdadiyah, mama. Jeddah."

"Nimejua." Akacheka na fizi. "Miaka mingi nimeweka hita ya mafuta juu ya zulia nikienda kwa dada yangu Taif, kwenye baridi ya milimani. Sijapata kuiona ikiugua."

Nikatazama marumaru. Nilitamani yanimeze.

Lakini yeye alikuwa ameshamgeukia mwanawe. "Chini nililala ukuta mmoja na hita zako tatu. Usiku wa wageni nazisikia zikilia tik, tik, tik, zinapasha mito. Mimi upande wa pili nimevaa soksi za marehemu baba yako."

"Sikujua, mama," akasema Abu Rakan, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hukuuliza."

Maneno yale aliambiwa yeye, lakini yalinipata mie vilevile. Nilikuwa nimeuliza, ndiyo, ila nilimuuliza mwenye zulia. Bibi wa watu alikuwa hatua sita kutoka nilipolala kifudifudi na sikubisha mlango wake kumtundikia kile kipimajoto. Ami Seif alisema niulize, halafu nipande nikapime. Nilifanya nusu, kwa sababu nusu ya pili inachosha.

Siku ileile hita ya pili ikatoka majlisi, ikaingia kwa bibi. Alikubali kushuka kwa sharti moja, kwamba ile nyeupe ibaki darini, kwa sababu, alisema huku akinikonyeza mbele ya mwanawe, fundi ameshaandika na kupiga mhuri. Shiru hakurudishwa ofisini. Alimaliza mkataba wake, akaongeza mwingine, na yule mtoto wake wa form two alimaliza shule. Wageni wa Alhamisi walipashwa na hita moja na mazungumzo, na sikusikia kwamba kuna aliyeganda.

Siku hiyo bibi aliposhuka, Shiru alinisindikiza mpaka getini kunirudishia kipimajoto, maana nilikuwa nimekisahau kwenye msumari wake tangu safari ya kwanza. Akanitazama, akauliza tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani, "Na wewe mzee, unalala wapi?"

"Dukani. Stoo ya nyuma."

"Kuna heater?"

"Ziko ishirini na mbili."

"Zinawaka?"

Zilikuwa za watu. Zimeletwa kutengenezwa, nimezitengeneza, zimepangwa ukutani zinangoja wenyewe, na mie katikati yake nalala na mablanketi mawili na kofia, miaka yote hiyo, mguu umekakamaa asubuhi mpaka nitembee nao dukani ndipo unifuate. Nimeuliza nyumba za watu karibu mia nani analala wapi. Mie aliniuliza mtoto wa Limuru peke yake. Nilirudi stoo jioni, nikatundika kipimajoto cha Ami Seif juu ya kitanda changu kwa mara ya kwanza. Kilisoma nane. Nililia, wallahi, na sioni haya kuliandika hilo.

Stoo ile sasa ndiyo mnayolala nyinyi. Nimekiacha kipimajoto kwenye msumari, msikiondoe kwa sababu ya ubaya wake. Kikisoma chini ya kumi na tano, chagueni hita moja iliyokwisha tengenezwa, mchomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni. Mwenye duka akiuliza, mwambieni iko kwenye majaribio. Hita za siku hizi zina ugonjwa wa kujificha, na haujulikani mpaka kuche.